Vijiti vya mihogo: uliza kwanza, kisha upande

Wewe mpenzi wa muhogo wa kukaanga, ule wa pilipili na ndimu, hebu sikia hii. Mwaka wa 1997 wanasayansi walieleza kilichokuwa kikimaliza mihogo Uganda: kirusi chotara. Virusi viwili vya batobato, vya ukoo mmoja, vilikuwa vimeingia mmea mmoja vikachanganya jeni. Majani yalijikunja, mizizi ikakonda, wakulima wengi wakaacha muhogo. Mpaka haukukizuia, Magharibi mwa Kenya pia tulilia.

Nani alikisambaza? Nzi weupe, ndiyo. Lakini pia sisi, kwa vijiti tunavyopeana.

Siku hizi wengi wetu tunalima kwa simu. Unatuma pesa nyumbani, vijiti vinatoka popote, vinapandwa. Shida iko hapo. Kijiti kigonjwa kikihamia mahali papya, kinakutanisha virusi ambavyo havikuwa vinajuana.

Kwa hivyo usidanganywe na bei rahisi. Uliza vijiti vimetoka shamba gani. Majani yakiwa na madoa ya manjano na yamejikunja, achana navyo. Afisa wa kilimo atakuelekeza pa kupata vilivyo safi. Na mmea ukiugua shambani, ng'oa mapema. Ukiuonea huruma, jirani ndiye atalala njaa.