Presha si Mawazo

Katika mazungumzo yetu ya kila siku, neno "presha" limebebeshwa mzigo mzito. Mtahiniwa aliye na wasiwasi ana presha. Mwalimu aliyecheleweshewa mshahara ana presha. Mgonjwa wa shinikizo la damu naye ana presha. Mwanaisimu angeridhika kusema kwamba maana ya neno imepanuka. Lakini upanuzi huu una hatari: msichana wa miaka 25 akipimwa na kupatikana na shinikizo la 180 kwa 110, jamaa humwambia apunguze mawazo. Ushauri huo waweza kumwangamiza.

Ni kweli kwamba wagonjwa wengi hawana chanzo kimoja kinachoweza kutajwa. Hata hivyo, wapo ambao chanzo chao kimo katika figo. Mnamo mwaka wa 1934, Harry Goldblatt wa Marekani alionyesha kwamba mishipa ya kupeleka damu kwenye figo za mbwa ikibanwa, shinikizo hupanda. Figo iliyopunjwa damu hudhani kwamba mwili mzima umepungukiwa. Hutoa kimeng'enya kiitwacho renini, na hatimaye mishipa hukazwa, chumvi na maji vikazuiliwa mwilini.

Miongoni mwa wazee, mshipa huo huzibwa na mafuta yaliyoganda ukutani. Miongoni mwa vijana, hasa wanawake, mara nyingine ukuta wenyewe hukua visivyo. Kwa hiyo, shinikizo linapoanza kabla ya miaka 30, au linapokaidi dawa tatu, daktari hana budi kuichunguza mishipa ya figo kwa mawimbi ya sauti au kwa picha za eksirei za kompyuta.

Tiba nayo hutofautiana. Kijana huenda akafaidika sana mshipa ukipanuliwa kwa kiputo. Kwa wazee wengi, utafiti uliochapishwa mwaka wa 2014 ulibainisha kuwa kipenyo cha chuma kinachowekwa ndani ya mshipa hakikuongeza manufaa juu ya dawa. Na dawa zenyewe zahitaji uangalifu: zile zinazozuia kazi ya renini zaweza kuidhoofisha figo endapo mishipa yote miwili imebanwa, hivyo damu ya mgonjwa sharti ipimwe tena.

Walimu wenzangu, tuwafundishe wanafunzi kuyatenga maneno haya. Wasiwasi tuuite wasiwasi, na shinikizo la damu tuliite kwa jina lake. Mgonjwa aliyeambiwa "ni mawazo tu" hatauliza swali ambalo lingemwokoa: je, figo zangu zimechunguzwa?