Aliyenyamaza Asihesabiwe Kuwa Ameridhia

MIONGONI mwa mambo yanayowasibu wahamiaji katika miji mikubwa ya Magharibi, liko moja lisilopigiwa kelele kama unavyopigiwa ubaguzi wa wazi. Nalo ni kuondolewa mtaani kwa jina la uboreshaji. Hakuna anayevunjiwa mlango usiku, wala hakuna askari anayetumwa. Mkataba wa pango unakwisha, kodi mpya inatajwa, na mtu aliyeuza katika duka hilo miaka ishirini analifunga kwa mkono wake mwenyewe. Akiulizwa nani kamfukuza, hana jina la kutaja.

Tumesukumwa kuyaandika haya na filamu ya hali halisi iitwayo In Jackson Heights, iliyotengenezwa na Mmarekani Frederick Wiseman na kuoneshwa kwa mara ya kwanza mwaka 2015. Filamu hiyo ina urefu wa saa 3 na dakika 10, haina msimulizi wala mahojiano. Mtazamaji anaketishwa vikaoni, madukani na katika nyumba za ibada za mtaa wa Jackson Heights, ulioko Queens, New York, akasikilize mwenyewe. Humo wamo watoto wa Kiislamu wakisomeshwa Kiarabu, kuku wakichinjwa kwa ajili ya wateja wanaotaka nyama ya halali, na wageni wakifundwa kazi ya udereva wa teksi. Inatajwa pia kwamba mtaani humo zinazungumzwa lugha 167.

Inafaa ijulikane kwamba mtaa huo haukujengwa kwa ajili ya watu hao. Mwanzoni mwa karne ya 20 kampuni iliyouendeleza ilijenga majumba yenye bustani kwa ajili ya Wazungu wenye uwezo, na Weusi na Mayahudi walizuiwa kuishi humo. Sheria ya uhamiaji ya mwaka 1965 ndiyo iliyofungua mlango mpana kwa watu wa Asia. Katika miaka ya 1970, wakati Wazungu wengi walipoihama New York na jiji lenyewe likakaribia kufilisika mwaka 1975, wahamiaji ndio waliofungua maduka na kupanga nyumba zilizoachwa. Wakaja Wakolombia, Waekwado, Wahindi, Wapakistani na Wabangladeshi. Kwa jasho lao Roosevelt Avenue, barabara inayopita chini ya reli ya juu, ikawa soko. Leo thamani waliyoijenga wao ndiyo inayowapandishia kodi.

Katika mwaka 2014, filamu ilipokuwa ikipigwa, mjadala mkubwa ulikuwa ni mpango wa kupanua eneo maalumu la uboreshaji wa biashara hadi Roosevelt Avenue. Utaratibu wenyewe ni huu: wamiliki wa majengo wa eneo husika wanatozwa mchango wa lazima, jiji linaukusanya na kuukabidhi kwa chombo cha eneo hilo, nacho kinautumia kwa usafi, ulinzi na mapambo. Mwenye jengo huweza kuuhamishia mzigo huo kwa mpangaji kupitia mkataba. Na kwa kuwa New York haina sheria inayodhibiti kodi za maduka, mtaa ukipendeza hakuna kinachomzuia mwenye jengo kudai kodi ambayo kampuni kubwa tu ndizo zinazoimudu.

Hatusemi kwamba usafi ni ubaya. Barabara chafu na yenye giza humuumiza muuza duka kabla ya kumuumiza tajiri, na wapo wanaounga mkono mipango hiyo kwa nia njema. Tatizo letu ni jinsi uamuzi unavyofikiwa. Kwa sheria ya jimbo la New York, mpango huzuilika kwa njia ya pingamizi pale tu wamiliki wasiopungua asilimia 51, au wenye asilimia 51 ya thamani ya majengo, wanapowasilisha pingamizi kwa maandishi. Asiyeandika hazuii kitu. Kimya chake kinausaidia mpango. Na pingamizi la mpangaji, ambaye ndiye atakayeumia, halimo katika hesabu hiyo.

Mafakihi wa madhehebu ya Imam Shafii wanayo kanuni mashuhuri kwamba aliyenyamaza hasemewi kauli. Walipokikubali kimya kuwa jibu, walikikubali mahali mahususi, pale ambapo hali yenyewe inaonesha ridhaa. Je, muuza duka asiyejua Kiingereza, anayefungua alfajiri na kufunga usiku, kimya chake kinaonesha ridhaa gani? Kinaonesha kwamba hakuambiwa, au aliambiwa kwa lugha asiyoifahamu.

Ndiyo maana sehemu ya filamu iliyotugusa zaidi ni ile isiyo na makelele: wahamasishaji wanaowafuata wafanyabiashara, wakawaeleza kwa Kihispania mpango ni nini, nani atalipa na kodi itakwenda wapi. Wengine wanasikia kwa mara ya kwanza jambo litakaloamua riziki yao. Katika jengo moja la maduka, wafanyabiashara wanasimulia jinsi walivyotakiwa kuondoka. Kwao elimu imechelewa.

Ndugu msomaji, unayepanga fremu ya duka popote ulipo, liulize swali hili kabla halijakufika: katika kikao kinachoujadili mtaa wako, nani anahesabiwa? Usome mkataba wako wangali wapo wa kukusomea, na uhudhurie kikao hata kama hukualikwa. Na kwa wenye majengo, ikiwemo misikiti yetu yenye maduka ya wakfu, tunasema: haki ya jirani haiishii kwenye salamu. Mpangaji aliyeutia uhai mtaa ashauriwe kabla mtaa haujapambwa kwa ajili ya mwingine. Kumwondoa mtu kwa kimya chake ni dhulma, hata kama karatasi zote zimetiwa muhuri.

Wabillahi tawfiq.