Hesabu ya Bodi Tu?

Eti kijana anunuliwe kwanza gari chakavu, ili akiligonga hasara iwe ndogo! Mwandishi anayeshauri hivyo amepiga hesabu ya bodi, akamsahau aliyekaa ndani. Kijana wa Ilembula akienda Makambako anaingia barabara ya TANZAM, katikati ya malori ya Tunduma. Akipanda Njombe, kuna ukungu. Huko breki inayozama mpaka chini haimfundishi mtu kitu. Vitz ya zamani haina ubaya, mradi mikanda ifunge na tairi zisomwe tarehe ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Rangi ibabuke itakavyo. Na kama hajafika miaka 18, leseni ya gari hapati.