Tekila si ya mkupuo mmoja: Zijue aina zake kabla ya kuchagua

KATIKA baa na kumbi nyingi za sherehe, iwe Dar es Salaam au Nairobi, tekila ina mtindo wake. Chumvi inarambwa mgongoni mwa kiganja, glasi ndogo inamalizwa kwa mkupuo mmoja, kipande cha ndimu kinang'atwa, uso unakunjwa na meza nzima inashangilia. Ukimuuliza aliyekunywa ladha yake ikoje, jibu ni moja tu: ni kali.

Kwao ilikozaliwa, katika jimbo la Jalisco magharibi mwa Meksiko, tekila nzuri haimalizwi hivyo. Hunywewa kwa funda ndogondogo, pamoja na chakula au baada ya mlo, na glasi moja inaweza kukaa mezani wakati mazungumzo yakiendelea. Chumvi na ndimu si lazima, kwa sababu huficha kile ambacho mnywaji amelipia.

Kwa familia ambayo baba au mama anakunywa, tofauti hiyo si suala la ustaarabu wa mezani peke yake. Namna mzazi anavyokunywa huamua kiasi atakachokunywa, atakavyorudi nyumbani, na kama ataamka alfajiri kumwandalia mtoto safari ya shule. Ndiyo maana swali la tekila ipi inafaa kunywewa taratibu lina nafasi yake katika ukurasa wa familia.

Asiyekunywa hana sababu yoyote ya kuanza. Anayekunywa anastahili kujua kilichomo ndani ya glasi yake.

Ndugu wa mkonge

Msomaji wa Tanga au Morogoro ana faida moja hapa: mmea wa tekila ni ndugu wa mkonge. Yote miwili iko katika jamii ya mimea ya agave, na yote asili yake ni Meksiko. Mkonge uliletwa Tanganyika mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Tofauti ni kwamba mkonge huvunwa majani kwa ajili ya nyuzi, wakati agave ya buluu, inayotoa tekila, huvunwa kiini chake.

Agave hiyo hukaa shambani kwa miaka ipatayo 6 hadi 8 kabla ya kukomaa. Mvunaji, ambaye huko huitwa jimador, huyakata majani yote kwa chombo chenye makali na mpini mrefu. Kinachobaki ni kiini kikubwa cha mviringo kinachofanana na nanasi, na kwa Kihispania huitwa hivyo hivyo, nanasi.

Kiini hicho hupikwa ili wanga wake ugeuke sukari, hukamuliwa, na maji yake huachwa yachachuke. Kisha hukenekwa, yaani huchemshwa na mvuke wake kupozwa ukawa kimiminika, angalau mara mbili.

Si kila pombe ya agave inaruhusiwa kuitwa tekila. Tangu mwaka 1974 jina hilo linalindwa kisheria. Ni lazima itengenezwe Meksiko, katika jimbo la Jalisco au sehemu zilizotajwa za majimbo ya Guanajuato, Michoacán, Nayarit na Tamaulipas. Na yule mdudu anayeonekana ndani ya baadhi ya chupa si wa tekila. Huwekwa kwenye baadhi ya chupa za mezcal, pombe nyingine ya agave.

Soma lebo kabla ya kuangalia rangi

Wanunuzi wengi huanza na rangi. Nyeupe huonekana ya bei nafuu, na ya dhahabu huonekana bora. Huo ni mtego.

Kitu cha kwanza cha kutafuta kwenye lebo ni maneno "100% de agave". Yanamaanisha kuwa sukari yote iliyochachushwa imetoka kwenye agave ya buluu. Kama maneno hayo hayapo na lebo inasema "Tequila" tu, sheria ya Meksiko inaruhusu hadi asilimia 49 ya sukari hiyo kutoka kwingine, kwa mfano kwenye miwa. Aina hiyo ya mchanganyiko ndiyo inayotumika sana kwa vinywaji vya kuchanganya na kwa glasi za mkupuo.

Tekila nyingi za rangi ya dhahabu zenye bei ndogo ziko kundi hili, na rangi yake mara nyingi hutokana na karameli iliyoongezwa, wala si umri.

Kitu cha pili ni herufi NOM zikifuatwa na tarakimu nne. Hiyo ni namba ya kiwanda kilichoitengeneza. Chupa isiyo nayo haifai hata kuulizwa bei.

Aina zake, na kinachozitofautisha

Tofauti kubwa ya aina za tekila ni muda zilizokaa ndani ya pipa la mwaloni. Nguvu ya pombe ni jambo jingine.

Blanco ni tekila isiyozeeshwa, au iliyopumzishwa kwa muda usiofika miezi miwili. Ni nyeupe kama maji. Hapa agave haina pa kujificha: unapata harufu ya mimea mibichi, pilipili manga, ganda la ndimu, na utamu wa kiazi kitamu kilichookwa. Kama kiwanda kilifanya kazi yake ovyo, blanco ndiyo itakayokisema.

Reposado, neno linalomaanisha iliyopumzishwa, hukaa kwenye mwaloni kuanzia miezi miwili hadi kabla ya kutimiza mwaka. Rangi yake ni ya majani makavu. Ladha ya agave bado ipo, lakini makali yamepunguzwa na dalili za vanila, asali na mdalasini.

Añejo, yaani iliyozeeka, hukaa mwaka 1 au zaidi ndani ya mapipa yasiyozidi lita 600. Mapipa mengi yanayotumika yaliwahi kuhifadhi wiski ya Marekani, na mpenzi wa wiski atajihisi nyumbani: karameli, chokoleti, matunda makavu. Extra añejo, daraja lililoanzishwa mwaka 2006, hukaa miaka 3 au zaidi.

Ipo pia inayoitwa cristalino. Hii ni tekila iliyokaa kwenye pipa, kisha ikachujwa kwa mkaa hadi rangi ikatoka. Ukiiangalia utadhani ni blanco, lakini ladha yake ni ya pipa.

Ipi ya kunywa taratibu?

Bei inasema añejo. Meza haisemi hivyo kila mara.

Añejo na extra añejo ni laini sana, na wengi huzipenda kwa sababu hiyo. Lakini ulaini huo una mambo mawili ya kufikiria. Kwanza, kadiri muda wa pipa unavyorefuka, ndivyo agave inavyofunikwa na mbao. Anayetaka ladha ya mbao anaweza kununua wiski. Pili, kinywaji kisichouma koo hushuka haraka, na mnywaji hugundua amechelewa pale glasi ya tatu inapomiminwa.

Blanco nzuri ina uaminifu wote, na wazoefu wengi huichagua hiyo. Kwa mtu aliyezoea tekila ya mkupuo, hata hivyo, ukali wake wa mwanzo unaweza kumrudisha kwenye chumvi na ndimu.

Kwa hiyo, kwa mtu anayetaka glasi moja ndogo baada ya chakula cha jioni, chaguo lenye mizani ni reposado ya asilimia 100 ya agave. Ina ulaini wa kutosha kunywewa bila kuchanganywa, na bado ina pilipili kidogo ya kumkumbusha mnywaji apunguze mwendo. Anayetaka kujua kama kiwanda fulani kinaaminika, aonje kwanza blanco yake.

Wanaotaka kulinganisha wenyewe wanaweza kufanya hivi. Kuleni kwanza. Mimina mililita 15 tu za kila aina, yaani vijiko vitatu vya chai, kwenye glasi inayobana kidogo juu. Msiweke barafu, kwa sababu baridi huua harufu. Anzeni na blanco, mfuatishe reposado, mmalizie na añejo. Nuseni huku mdomo ukiwa wazi kidogo ili pombe isiwachome pua. Chukueni funda dogo, lizungukeni mdomoni, mezeni, kisha mnywe maji kabla ya kwenda kwenye glasi nyingine. Aliyeonja asiendeshe gari usiku huo.

Lebo haiyasemi haya

Reposado ya bei kubwa na ile ya rangi ya karameli zina pombe ileile. Nyingi zina kati ya asilimia 38 na 40. Glasi mbili za mililita 30 zenye asilimia 40 zina pombe karibu sawa na chupa moja ya bia ya mililita 500 yenye asilimia 5. Glasi nne kwa mkupuo ni sawa na bia mbili zilizonywewa ndani ya dakika chache. Ini halina mwendo wa kasi kwa ajili ya sherehe.

Mwaka 2014 ilienea habari kwamba tekila hushusha sukari na kupunguza uzito. Chanzo kilikuwa utafiti wa wanasayansi wa Meksiko kuhusu agavini, aina ya sukari iliyomo kwenye agave, na waliofanyiwa majaribio walikuwa panya. Agavini hizo hazimo kwenye tekila, kwa kuwa hugeuzwa kuwa pombe wakati wa kutengeneza. Mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari anaweza kushukiwa na sukari kupita kiasi akinywa, hasa akiwa na njaa.

Wapo pia wanaodai tekila safi haileti hangova. Inayoleta hangova kwa sehemu kubwa ni pombe yenyewe, na kiasi chake. Kuzimua asubuhi hakuponyi. Kunaahirisha tu.

Shirika la Afya Duniani lilitamka Januari 2023 kwamba hakuna kiwango cha pombe kilicho salama kabisa kwa afya. Pombe inahusishwa na angalau aina 7 za saratani, ikiwemo ya matiti na ya utumbo mpana. Kunywa taratibu hakuifanyi kuwa dawa. Kunasaidia tu kupunguza kiasi.

Mjamzito asinywe aina yoyote. Anayetumia metronidazole, ambayo wengi huijua kwa jina la Flagyl, au dawa za kifua kikuu, aiache chupa kabatini hadi azungumze na daktari au mfamasia wake.

Chupa, duka na mtoto

Tekila ya asilimia 100 ya agave ni lazima iwekwe kwenye chupa hukohuko inakotengenezwa. Kwa hiyo yenye maneno hayo ikiuzwa kwa kupimwa kutoka kwenye dumu, au ikiwa na kizibo kilichofunguliwa na lebo iliyobandikwa upande, iache. Mei 2014 nchini Kenya makumi ya watu walikufa baada ya kunywa pombe yenye methano, na wengine walipoteza uwezo wa kuona. Methano huwezi kuitambua kwa ulimi wala kwa macho. Aliyekunywa kisha akaanza kuona ukungu, kutapika au kuumwa tumbo, hata kama ni siku iliyofuata, apelekwe hospitali mara moja bila kusubiri alale kidogo.

Nyumbani, hatari ya karibu zaidi ni blanco yenyewe, kwa sababu kwenye kikombe haina tofauti na maji. Kwa mtoto mdogo, kiasi kidogo cha pombe kali kinaweza kushusha sukari ya damu hadi akapoteza fahamu. Mabaki ya glasi yamwagwe usiku uleule, yasiachwe mezani hadi asubuhi. Chupa ikae juu na ifungiwe, na isihamishiwe kamwe kwenye chupa ya soda au ya maji. Mtoto akinywa, usimtapishe. Mpeleke kituo cha afya pamoja na chupa yenyewe, ili mhudumu ajue ni nini na ni kiasi gani.

Kwa watoto wakubwa, somo ni lile wanaloliona. Kijana anayemwona mzazi akimimina kipimo kimoja, akila, akinywa maji kati ya funda na funda, kisha akiifunga chupa na kuirudisha kabatini, amefundishwa kitu ambacho mahubiri ya saa nzima yangeshindwa. Anayemwona akikupua glasi tano na kubebwa hadi kitandani amefundishwa pia.

Kwa hiyo kabla ya kuulizia bei ya reposado, pima kwanza mambo matatu: kama umekula, kama kuna mtu mwingine wa kuendesha gari, na kama kabati la nyumbani lina kufuli. Jibu moja likiwa hapana, chupa inaweza kusubiri. Agave yake ilisubiri miaka 6 shambani. Siku mbili zaidi hazitaiharibu.