Helikopta Ndogo Ina Kazi Kyela

Mvua za Machi na Aprili zikishika, Kiwira, Mbaka, Lufilyo na Songwe hushuka zote kwa pamoja, na mashamba yetu ya mpunga hugeuka ziwa. Habari hufika kwa simu, vipandevipande, na hakuna anayejua hasa ni kitongoji gani kimezingirwa. Kazi hiyo ya kutazama, helikopta ndogo ya Robinson R44 ingeimaliza asubuhi moja.

Nilikuwa fundi wa ndege jeshini kabla ya kurudi kulima Ikolo, nami nazipenda helikopta za pistoni. R44 ina injini ya Lycoming ya silinda sita, na fundi aliyefunzwa vizuri huijua kwa sikio. Ina viti vinne, cha rubani kikiwemo. Machela haina pa kulala humo, kwa hiyo mwanasiasa asituahidi kwamba itabeba wajawazito wa Ikombe. Hiyo ni kazi ya helikopta kubwa.

Wapo wanaoiogopa. Juni 2014 taasisi ya Howard G. Buffett iliipa nchi yetu R44 ya kupambana na majangili. Desemba hiyohiyo ikaanguka Kipunguni, Dar es Salaam, wakafa watu wanne. Hofu hiyo naiheshimu. Lakini Marekani, inakotengenezwa, ajali zilipozidi hawakuipiga marufuku: mwaka 1995 waliwalazimisha marubani wapate mafunzo maalumu kwanza. Rubani akisukuma usukani mbele ghafla angani, mapanga yake mawili yanaweza kugonga mlingoti wenyewe, na hapo hakuna tena cha kuokoa. Matema, ambako upepo wa Ziwa Nyasa unagonga Milima ya Livingstone na kurudi umevurugika, somo hilo halina mzaha.

Ndiyo maana nasema helikopta hizi ziwe za jeshi, na ziwe za kufundishia. Jeshi la Marekani lilinunua helikopta 792 za TH-55 miaka ya 1960, vimashine vya pistoni vya viti viwili, na marubani wake wengi wa vita vya Vietnam walianzia humo. Saa za kuruka zikiwa nafuu, kijana hurushwa nyingi zaidi.

Basi ziletwe mbili uwanja wa ndege wa Songwe msimu wa mvua, makuruta na walimu wao wakusanye saa zao juu ya mito yetu, na kila jioni ofisi ya wilaya ipewe ramani ya maji. Injini hizi hazinywi mafuta ya jeti, zinataka petroli ya ndege. Mapipa yake yafike Februari, kabla barabara hazijakatika.