Chanda Chema Kililishwa na Nani?

Miaka yote niliyokuwa mkuu wa chuo cha ualimu, hakuna methali niliyoitamka mstarini mara nyingi kama hii: chanda chema huvikwa pete. Leo, uzeeni, nataka kugombana nayo. Au tuseme nagombana na sisi tunaoitumia kufunika uzembe wetu.

Kilichonichokoza ni habari za wanawake wa Nigeria wanaocheza mpira wa kikapu. Mwezi wa Agosti 2025, mjini Abidjan, waliifunga Mali pointi 78 kwa 64 na kutwaa ubingwa wa Afrika kwa mara ya tano mfululizo. Waliporudi nyumbani serikali yao ikatangaza kumpa kila mchezaji nishani ya taifa, nyumba, na fedha zenye thamani ya dola 100,000 za Kimarekani. Wazee wenzangu tunaokaa pamoja jioni walishangilia: "Hiyo ndiyo nchi inayothamini wanamichezo!" Mimi sikushangilia. Si kwa husuda, kwani wanawake wale wanastahili kila senti. Nilijiuliza tu swali la mwalimu: kabla ya mtihani walipewa nini?

Turudi nyuma kidogo, ndugu msomaji. Mwaka 2018, katika Kombe la Dunia lililochezwa Hispania, walikuwa timu ya kwanza ya wanawake kutoka Afrika kufika robo fainali. Mwaka 2021 walitwaa tena ubingwa wa Afrika mjini Yaoundé, na baada ya hapo wakalazimika kujitokeza hadharani kudai posho zao. Mwaka 2022 wakafuzu kwenda Kombe la Dunia mjini Sydney. Mwezi wa Mei mwaka huo huo serikali ikaiondoa nchi katika mashindano yote ya kimataifa ya mchezo huo kwa miaka miwili, sababu ikiwa ni ugomvi wa uongozi katika chama. Mwezi wa Juni uamuzi ukabatilishwa, lakini nafasi ilikwisha kupewa Mali. Ndivyo ilivyo: fahali wawili wakipigana, ziumiazo ni nyasi.

Yakaja mashindano ya Olimpiki ya Paris, 2024. Siku ya ufunguzi wachezaji hao walizuiwa kupanda mashua ya ujumbe wa nchi yao wenyewe. Habari za wakati ule zilisema waliambiwa ni wengi mno. Siku tatu baadaye wakaifunga Australia 75 kwa 62, timu ambayo mwishowe ilipata medali ya shaba. Wakaifunga na Kanada. Wakawa timu ya kwanza ya mpira wa kikapu kutoka Afrika, ya wanaume au ya wanawake, kufika robo fainali ya Olimpiki. Kocha wao, Rena Wakama, alitangazwa kuwa kocha bora wa mashindano ya wanawake.

Hapo ndipo wenzangu wanaponijibu: "Unaona? Shida ndiyo iliyowakomaza. Wangebembelezwa wasingeshinda." Hoja hii naijua sana, maana imetembea katika shule zetu tangu zamani. Naikataa. Mwanafunzi mmoja akifaulu akiwa na njaa, hiyo haithibitishi kwamba njaa inafundisha. Inathibitisha kwamba mwanafunzi yule ana akili na moyo. Wale kumi walioanguka kwa sababu ya njaa hiyo hiyo hatuwahesabu, kwa kuwa hawapandi jukwaani kupokea zawadi. Na ile safari ya Sydney, dola 100,000 haziwezi kuinunua. Miaka ya mchezaji ni michache, na mwaka uliopotea haurudishwi na nyumba wala nishani.

Msidhani nawanyooshea kidole Wanigeria nikiwa safi. Mwaka 1988 chuo chetu kilikuwa na lori moja, na dizeli ilikuwa ya kupimiwa. Kulikuwa na mashindano ya vyuo umbali wa kilometa kumi na mbili hivi. Niliamua lori lichukue timu ya mpira wa miguu ya wavulana, na wasichana wa netiboli watembee. Sikufikiri mara mbili. Wavulana walifungwa. Wasichana walifika na vumbi mpaka kwenye kope, wakashinda, wakarudi kwa miguu na kikombe. Asubuhi yake niliwapa mbuzi mbele ya chuo kizima, nikasema ile methali yangu, watu wakapiga makofi.

Nahodha wao alinyoosha mkono. "Mkuu, kwa mbuzi tunashukuru. Lakini lori lingetufaa zaidi."

Nilimwona mtovu wa adabu, na nilimwambia hivyo hadharani. Leo ningependa kumwomba radhi. Alikuwa amesema kwa sentensi moja jambo ambalo mimi, mwenye vyeti ukutani, sikuliona: zawadi humpendeza anayeitoa, kwani hupigiwa makofi, lakini matunzo hayana makofi, ndiyo maana tunayakwepa. Aidha, zawadi huitoa ukitaka. Nauli, posho, daktari na kiti katika mashua ni haki, na haki haisubiri matokeo.

Kwa hiyo nawaambia ninyi mnaokaa katika kamati za michezo za nchi yetu, na ninyi wakuu wa shule na vyuo mliokalia viti tulivyoviacha: msiniambie mtawapa nini wasichana wenu wakirudi na kombe. Niambieni wiki hii wamekula nini, wanafanya mazoezi wapi, na safari ikifika nani atapanda lori.