Kombe la Davis: na sisi tuchezee nyumbani

Wadau, kuna jambo linanikera kwenye tenisi ya Kombe la Davis, kanda ya Afrika. Timu za Kundi la Tatu, ambalo Kenya wamelicheza sana, hukusanywa mji mmoja na kumaliza kazi ndani ya juma moja. Mwaka 2018 walikutana Nairobi Club. Wenyeji wakashangiliwa, wengine wote wakawa ugenini.

Mtasema hatuna kiwango. Mbona Zimbabwe walitoka Kanda ya Ulaya na Afrika wakapanda? Mwaka 1998 Byron Black na mdogo wake Wayne waliwafuata Australia kwao Mildura, wakawachapa 3-2. Februari 2000 ikawa zamu ya Marekani kwenda Harare, na Andre Agassi ndani. Walishinda 3-2, kwa jasho. Fikiria mtoto wa Harare aliyemwona Agassi kwa macho yake!

Najua kukutana mahali pamoja kunaokoa nauli. Lakini shirikisho la dunia lingegharimia japo mechi moja ya nyumbani kwa kila nchi. Bila hivyo, tenisi itabaki mchezo wa klabu za wenye nazo.

Au nyie mwasemaje?